Mahali na Shaka Yake

Moduli ya GPS inayofungwa juu ya droni haijai kiganja, lakini ina adabu ambayo ramani nyingi za ziwa letu zimeipoteza: kila inapotaja mahali, hutaja papo hapo huenda imekosea kwa kiasi gani. Nipo hapa, husema, ila naweza kuwa nimepotoka kwa mita mbili. Baadaye, mambo ya angani yakiharibika, husema nipo hapa, ila msinidai usahihi wa chini ya mita tisa. Wengi wetu tunaozifunga moduli hizi tunasoma jibu la kwanza na kulipita la pili. Mimi naona la pili ndilo lenye kazi kubwa zaidi, na anayeishi kando ya Ziwa Victoria ana sababu nyingi za kulijali, kwa kuwa huku ufuo wenyewe hautulii.

Kazi huanza mezani. Moduli ya kawaida ina nyaya sita nyembamba. Nyekundu huleta umeme wa volti tano, nyeusi huufungia mzunguko. Mbili ni za mazungumzo: TX ya moduli huenda kwenye RX ya kompyuta ya droni, na RX huenda kwenye TX, maana mdomo wa huyu sharti uelekee sikio la yule, ukiunganisha mdomo kwa mdomo utapata kimya. Mbili za mwisho ni za dira, kwa sababu moduli nyingi za sasa hubeba dira ya kielektroniki ndani ya kasha hilo hilo. Fundi akishalehemu na kukagua kwa mita kwamba hakuna nyaya zilizogusana, hufungua programu ya mipangilio, huiambia kompyuta ni mlango upi wenye GPS na watasemezana kwa kasi gani, kisha husubiri kuona herufi zikianza kupita kwenye skrini. Hadi hapo hakuna mahali popote palipojulikana. Vipo vifaa viwili tu vilivyokubali kusikilizana.

Mahali pa kuifunga moduli ndipo panapomtenga fundi mwenye haraka na fundi mjuzi. Mawimbi ya setilaiti husafiri zaidi ya kilomita 20,000, na yakifika Kisumu ni dhaifu kiasi kwamba kelele ya umeme ya vifaa vyenyewe huyazidi nguvu. Kamera, waya yake ya picha na mtambo wa kurusha video vyote vinaweza kupiga kelele hiyo. Dira nayo ina adui wake. Waya moja inayobeba ampea 20, ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye dira, hutoa nguvu ya sumaku inayoizidi ile ya dunia nzima tuipatayo hapa. Ndiyo maana moduli huinuliwa kwenye mlingoti mdogo juu ya mwili wa droni, na nyaya za betri, chanya na hasi, husokotwa pamoja ili sumaku zao zifutane. Mshale uliochorwa juu ya kasha huelekezwa mbele. Ukielekezwa kando, kompyuta lazima iambiwe ni kwa nyuzi ngapi. Isipoambiwa, droni ikiagizwa itulie mahali pamoja itaanza kuzunguka duara, na duara litazidi kupanuka, kwa sababu kila inapojirekebisha hujirekebisha kuelekea upande usio sahihi.

Kwa habari ya dira, sisi wa ikweta tumebarikiwa. Kule London mistari ya sumaku ya dunia huzama ardhini kwa mwinamo wa nyuzi 66 hivi, na dira hubakiwa na sehemu ndogo ya nguvu hiyo ya kuonyeshea kaskazini. Kisumu mistari hiyo imelala, imeinama kidogo tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake inatumika. Hata hivyo dira haijisawazishi yenyewe. Droni hushikwa mkononi na kugeuzwa pande zote, tumbo juu, tumbo chini, ubavu huu na ule, na shughuli hiyo haifanywi kwenye baraza yenye nondo ndani ya zege wala kando ya pikipiki. Chuma kilichojificha sakafuni huingia kwenye hesabu, na droni hukibeba kila iendako.

Kisha kuna suala la wapi pa kuirusha. Kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, zinataka droni isajiliwe, isipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, na ikae kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege ila kwa ruhusa. Uwanja wa ndege wa Kisumu upo ukingoni mwa maji. Weka ncha ya bikari juu ya barabara ya ndege, chora kilomita 10, na duara litameza Kondele, Nyalenda, Milimani, Hippo Point na hata Dunga, isiyofika kilomita saba kutoka uwanjani. Kwa hiyo mwenye vibali vyake anayetaka kujaribu moduli mpya kwa utulivu huelekea uwanda wa Kano, hadi Ahero, zaidi ya kilomita 20 kutoka uwanjani, kwenye majaruba ya mpunga. Huko anga ni wazi toka upeo hadi upeo, na bati ni chache.

Droni huwekwa juu ya tuta kati ya majaruba, betri huunganishwa, na watu hukaa. Moduli iliyoamka baada ya kulala siku nyingi haijui iko nchi gani. Husikiliza tu. Kila setilaiti ya GPS hutangaza saa yake na njia yake. Kuisoma njia hiyo huchukua nusu dakika, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Wapita njia hudhani kifaa kimeharibika.

"Mwanangu, ndege yako imelala?" aliuliza mama mmoja aliyebeba miche ya mpunga.

"Bado inatafuta iko wapi, mama."

Akalitazama jaruba, akautazama mfereji, akacheka. "Si uiambie tu iko Ahero?"

Alikuwa amesema jambo la maana. Simu ndivyo inavyofanyiwa: mtandao huiambia mapema iko sehemu gani na setilaiti zipi zipo juu yake, ndiyo sababu simu hupata mahali kwa sekunde chache. Moduli ya droni haina mtandao wa kuiambia lolote. Inaanza bila kujua lolote, na haikubali kudokezwa jibu.

Kinachopimwa wakati huo wote ni muda. Wimbi hutoka kwenye setilaiti na kufika Ahero kwa takriban sehemu saba za mia za sekunde. Saa ya atomiki huko juu inajua wimbi liliondoka lini. Saa ya moduli, ya bei rahisi, hubahatisha lini limefika. Ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali umekosewa kwa mita 300. Setilaiti tatu zingetosha kupata mahali kama saa hiyo ya chini ingekuwa sahihi. Ya nne huhitajika kwa ajili ya kuisahihisha saa. Kabla moduli haijajua iko wapi, basi, lazima kwanza ikubali kwamba saa yake ni mbovu, na ubovu wenyewe iuweke ndani ya hesabu pamoja na latitudo, longitudo na kimo. Adabu niliyoitaja mwanzoni inaanzia hapo. Haikuongezwa mwishoni kama heshima. Bila hiyo jibu lenyewe halipatikani.

Na yapo makosa mengine yasiyotoka kwenye saa ya moduli wala angani. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyachafua makusudi mawimbi yaliyotumiwa na raia, na kosa likaweza kufika mita 100. Rais Clinton akaamuru uchafuzi huo uzimwe, na ndani ya saa chache kila kipokezi duniani, kilichokuwa Kisumu na kilichokuwa Chicago, kikawa sahihi zaidi bila mwenyewe kukigusa. Leo moduli husikiliza pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, kwa hiyo setilaiti 20 na zaidi juu ya majaruba si ajabu tena. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba kwa miaka kadhaa ukubwa wa shaka yetu ulipangwa ofisini, na watu wasiotujua.

Idadi ya setilaiti hufurahisha macho kuliko inavyostahili. Pembeni yake kwenye skrini kuna namba ndogo inayoitwa HDOP, na hiyo hueleza setilaiti zimetawanyika vipi. Ikikaribia moja, mambo ni mazuri. Ikipanda mbili, tatu, kosa dogo la muda linageuka kosa kubwa la mahali. Setilaiti kumi na mbili zilizojazana upande mmoja wa anga zinaweza kutoa jibu baya kuliko sita zilizosambaa. Wavuvi wa zamani wa ghuba ya Winam walilijua jambo hili kabla ya setilaiti ya kwanza kurushwa. Aliyetega nyavu mbali na pwani alipanga kilele cha mlima Homa na rasi fulani viwe mstari mmoja, kisha akatafuta mstari wa pili, labda pengo katika ukuta wa milima ya Nandi na mti mkubwa wa ufukweni. Mistari miwili ilipokatana, hapo ndipo zilipo nyavu. Nilimuuliza mzee mmoja wa Dunga kuhusu uchaguzi wa alama.

"Jaduong', kwa nini usitumie milima miwili iliyo jirani? Si ni rahisi kuitazama yote kwa pamoja?"

"Nyathina, milima iliyo jirani husema neno moja. Ukisogezwa na upepo, yote inakuambia bado uko pale pale. Chukua mmoja mbele yako, mwingine begani."

"Na siku ya ukungu?"

"Siku ya ukungu natega karibu."

Mmoja mbele, mwingine begani: hesabu nzima ya HDOP imo humo. Jibu lake la mwisho ndilo nililoondoka nalo. Shaka ilipoongezeka, alipunguza umbali. Hakulala nyumbani, wala hakujifanya anaiona milima. Alijua kosa lake ni kubwa kiasi gani siku ile na akapanga kazi yake kulingana nalo.

Kwa mpangilio wa setilaiti, Kisumu haina la kulalamikia. Njia za setilaiti za GPS zimeinama nyuzi 55 kwa ikweta, hivyo anayeishi kaskazini mwa Ulaya ana pengo upande wa kaskazini ambako hazipiti kamwe, ilhali sisi hutupitia utosini. Bei yake hulipwa jua likitua. Kuanzia kilomita mia hivi kwenda juu kuna tabaka la hewa lililopigwa na jua hadi likajaa chaji za umeme. Wimbi likipita humo huchelewa, na kuchelewa huko moduli hukusoma kama umbali. Moduli zinazosikiliza masafa mamoja hutumia kanuni ya makisio inayotangazwa na setilaiti zenyewe, ambayo huondoa takriban nusu tu ya kosa hilo. Katika ukanda wetu wa tropiki tabaka hilo ni zito zaidi kuliko kwingine, na baada ya magharibi, hasa karibu na Machi na Septemba katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, hutokea humo mapovu makubwa. Nguvu ya mawimbi hupanda na kushuka ghafla, setilaiti hupotea moja baada ya nyingine, na namba ya shaka huanza kupanda. Huko Maseno, barabara ya Kisumu inapoikata ikweta, wanafizikia wa chuo kikuu wamelichunguza tabaka hili kwa kutumia vipokezi vya GPS. Kinachomkera fundi wa droni, kwao ndiyo mavuno.

Saa hizo za jioni ndizo mashua za omena zinapotoka na taa zake, na kila mwenye kamera na kibali cha usiku hutamani kuzipiga picha kutoka juu. Anayejua huitazama namba ya shaka kabla ya kutazama picha.

Lakini namba hiyo tusiigeuze mtume. HDOP hupima mtawanyiko wa setilaiti peke yake. Haijui kama wimbi lilishuka moja kwa moja au liligonga kwanza paa la bati huko Manyatta. Katikati ya nyumba za mabati wimbi moja hufika mara mbili, mara ya pili limechelewa, na jibu husogea mita kadhaa huku HDOP ikiendelea kutabasamu. Kimo nacho hupimwa vibaya zaidi kuliko mahali, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yetu na hakuna hata moja inayotutangazia kutoka chini ya ardhi. Ndiyo maana droni hutegemea zaidi kipimo cha mgandamizo wa hewa kujua imepanda kiasi gani. Kifaa, kwa ufupi, huripoti ile shaka kilichofundishwa kuiona. Inayobaki ni ya mwenye kifaa.

Na kando ya ziwa hili, inayobaki ni nyingi. Mpelelezi Speke aliliona kwa ncha yake ya kusini mwaka 1858, karibu na Mwanza, akatangaza kwamba ndilo chanzo cha Nile. Burton, mwenzake wa safari, hakukubali, na kwa miaka kadhaa wataalamu wa Ulaya walibishana kama hapa pana ziwa moja au maziwa kadhaa, mpaka Stanley alipolizunguka kwa mashua mwaka 1875. Hata mwisho wa reli ya kutoka Mombasa haukutulia: upimaji wake wa kwanza, mwaka 1892, ulilenga kuifikisha Port Victoria, katika Busia ya leo; baadaye mwisho wake ukahamishiwa ndani ya ghuba, njia ikawa fupi, na Desemba 1901 reli ikafika Kisumu. Wachora ramani waaminifu wa karne ile walikuwa na desturi nzuri: ufuo walioupima waliuchora kwa mstari, ule waliousikia tu wakauchora kwa nukta. Nukta zile zilikuwa namba yao ya shaka. Ramani zilipoingia maofisini na kuwa sheria, nukta zikaunganishwa.

Mwaka 1926 amri ya serikali ya Uingereza iliueleza mpaka wa Kenya na Uganda ndani ya ziwa kwa mistari iliyonyooka, kutoka ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa kimoja hadi ya kingine: Pyramid, Ilemba na vinginevyo. Kwa mtu aliyeketi mezani maelezo hayo hayana kasoro. Ila kati ya mwisho wa 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 lilirudi kwenye kiwango kile na kukipita kidogo. Maji yakaingia Dunga na vijiji vingi vya Nyando. Ufuo wenye mteremko mdogo hurudi nyuma sana maji yakipanda mita mbili. Ncha ya magharibi kabisa ni ipi, basi? Ya mwaka gani? Ya masika au ya kiangazi?

Mzozo wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo ulipochemka mwaka 2009, watu walidhani vifaa vitaumaliza. Kwa kufuata maneno ya amri ile, kisiwa kipo upande wa Kenya kwa takriban nusu kilomita. Rais Museveni alikubali kwamba mwamba ni wa Kenya, akasema maji wanamovua watu ni ya Uganda. Moduli ya droni ingetosha kumweleza mvuvi alipo kwa kosa la mita mbili tatu. Haiwezi kumweleza afisa aliye kwenye boti ya doria anauamini mstari upi. Shaka iliyokuwa hatari haikuwa ndani ya kifaa. Ilikuwa ndani ya mstari, na mstari haukuwa na skrini ya kuionyesha.

Uwanda wa Kano una toleo lake la jambo hili. Droni ya wapimaji, ikisaidiwa na kituo cha ardhini cha kusahihisha, huweza kuchora ramani ya mafuriko kwa usahihi wa sentimita. Lakini ardhi ile ni tambarare mno, kiasi kwamba kosa la mita moja la kimo linaweza kuhamisha ukingo wa maji kwa mamia ya mita, kutoka shamba la huyu hadi jikoni kwa yule. Huko ghubani gugumaji husukumwa na upepo, na pale picha ya asubuhi ilipoonyesha maji, jioni pana kijani kitupu. Ramani iliyo sahihi kwa sentimita huenda ni sahihi kwa siku moja. Tarehe, kando ya ziwa, ni sehemu ya mahali.

Kwenye tuta la Ahero jaribu lenyewe huja kwa sura ndogo sana. Programu ya ArduPilot kwa kawaida hukataa kuwasha mota HDOP ikizidi 1.4, Betaflight nayo husubiri setilaiti nane kabla ya kuahidi kuirudisha droni iliyopoteza rimoti. Mteja amesimama, mawingu yanakusanyika upande wa Nandi, na kwenye mipangilio kipo kipengele cha kuzima ukaguzi wote kwa kuandika sifuri. Sifuri hiyo haiondoi shaka. Inaondoa anayeisema. Droni huandika nyumbani kwake pale mota zinapowashwa, na ikipaandika kwa kosa la mita tisa itarudi kwa kosa la mita tisa, yaani kwenye mfereji. Anayeirusha kutoka kwenye mashua ana taabu zaidi, kwa kuwa hata nyumbani palipoandikwa kwa usahihi wote patabaki pale pale duniani huku mashua ikisogezwa na upepo wa ziwa. Asipoiagiza kompyuta isahihishe mahali pa kurudi, droni itatua vizuri kabisa juu ya maji.

Waliokwishabeba mizigo juu ya ziwa hili hulijua somo. Mwaka 2018 droni ya DHL na Wingcopter ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, na Oktoba ya mwaka huo huo Mwanza ikawa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, jukwaa la kupima droni zinaweza kuvifaa nini visiwa. Upande wetu, Zipline wana kituo Chemelil, ndani ya kaunti ya Kisumu, ambapo ndege zao hupeleka bidhaa za tiba na kuzidondosha kwa mwavuli kwenye vituo vya afya. Nauona mwavuli ule kuwa hesabu ya unyenyekevu. Aliyepanga safari anajua kwamba upepo utachukua sehemu yake, kwa hiyo hakuahidi nukta. Ametenga kiwanja, na ukubwa wa kiwanja ndio ukubwa wa shaka yake. Mhudumu huenda kukiokota kifurushi ndani ya eneo lililokubaliwa, na hakuna anayegombana.

Kila mwenye simu Kisumu ameshaiona shaka hiyo. Ukimtumia mwenye bodaboda mahali ulipo, ile nukta ya buluu imezungukwa na duara hafifu, na wengi hulidhania pambo. Duara ndilo jibu la pili. Likiwa pana kama mtaa, simu inamwambia: yupo mahali fulani ndani ya mtaa huu, mpigie. Likisinyaa, inamwambia: nenda moja kwa moja.

Ningependa duara hilo lihamie kwenye karatasi zetu. Cheti cha shamba linalopakana na maji kieleze kiwango cha ziwa siku ya kupima. Ramani ya mafuriko iandikwe tarehe na kosa la kimo, kwa herufi kubwa kama jina la mradi. Na mpaka wa majini, badala ya mstari usio na upana ambao boti mbili za doria haziwezi kuukubali kwa pamoja, uchorwe kama ukanda, mpana kadiri ya shaka iliyomo ndani yake, na nchi zenyewe zikubaliane nani avue humo na kwa leseni gani. Watu wanaweza kugawana ukanda. Mstari hawawezi kuugawana. Wanaweza tu kuuvuka na kukamatwa.